Miandiko Miwili ya Constantin

Constantin Mutale alikuwa na miandiko miwili, na watu wa Bel-Air, mtaa wao wa Lubumbashi, walimlipia mmoja tu. Huo aliuandika kwa brashi na wino mweusi, kwenye diploma, kadi za harusi na mabango ya maduka. Humo hakuna haraka: kila herufi hujengwa kipande kwa kipande, brashi ikiinuliwa na kushushwa, na mchoraji mwingine mwenye subira angeweza kutoa herufi zile zile. Mwandiko wa pili ulikuwa wa bure. Akitoka nyumbani aliokota kaa la jikoni na kumwachia mkewe Albertine neno mlangoni, "Tine, niko Golf," yaani mtaa wa wateja wake, bila kuinua mkono, herufi zikikokotana, nukta ya i imeangukia mbali huko.

"Kuku inapita tena hapa!" Albertine alikuwa akisema, na kucheka.

Ukaja mwaka 1992. Watu wenye asili ya Kasai, hata waliozaliwa Lubumbashi, wakaanza kufukuzwa majumbani mwao, na Albertine Ngalula alikuwa mmoja wao. Constantin, mwenyeji wa Katanga, alikuwa mji wa mpakani wa Mokambo akichora bango la duka. Aliporudi alikuta mlango umevunjwa na nyumba tupu. Jirani akamwambia mkewe yuko stesheni na mama yake, wanangoja treni ya Kasai. Constantin akafunga nguo zake. Anakokwenda Tine, naye aende.

Lakini stesheni ilikuwa imejaa maelfu ya watu, na treni ilikuwa tayari inapakia. Aliita mpaka sauti ikamkauka. Basi akaokota kipande cha katoni, akatoa brashi yake na kuandika: ALBERTINE NGALULA. Na hapo, jamani, mtu mwenye akili zake timamu akakosea kwa mapenzi tu: alimpa mkewe mwandiko wa kulipiwa, mzuri kuliko yote aliyowahi kuandika. Akainua katoni juu ya vichwa na kuitembeza behewa kwa behewa. Hakujitokeza mtu. Treni ikaondoka.

Alikuwa bado ameishika alipojiwa na Marie-Thérèse, muuza mikate wa pale stesheni.

"Baba, ule mama wa jina hili aliona carton yako. Alikuwa chini, karibu na mikate yangu."

"Sasa mbona hakuja?"

"Aliogopa. Alisema, ile ni maandiko ya serikali, banaita bantu majina. Nikamuambia, labda ni bwana yako. Akasema, hapana, bwana yangu haandikake vile. Akajifunika kitenge kichwani, akapanda."

Constantin akaketi juu ya furushi lake na kulia mbele za watu. Treni nyingine hakuna aliyejua itakuja lini, na Kasai ni kubwa. Tine angeshukia wapi? Akarudi Bel-Air, asije akarudi mkewe akakuta nyumba imechukuliwa.

Mlango aliutengeneza. Upweke hakuuzoea, jioni bado alikuwa akisonga bukari, ugali wa watu wawili. Na kila alipotoka aliandika kwa kaa, "Tine, niko Golf. Narudi," na mvua ikifuta aliandika upya. Wateja wapya walishangaa mtu wa diploma kuwa na mwandiko mbaya namna ile. Mmoja akamshauri aandike vizuri kidogo, ili mlango umtangazie kazi yake.

"Hapana," Constantin alimjibu. "Vile hatanijua."