Mnyama wa Mfukoni Aliyelia Ndani ya Miraa

Juzi jioni, kabla sijawasha taa, nilisikia kitu kikilia ng'ambo ya ukuta wa jirani: ti-ti-ti, kimya, kisha tena ti-ti-ti. Huenda ilikuwa saa, huenda simu. Mtaa wetu wa Dallas, hapa Embu, haukosi vitu vya kulia. Lakini baridi iliniingia mikononi, na puani nikasikia harufu ya majani mabichi ya mgomba. Nilikuwa nimerudi utotoni, kijijini Laare, kwenye banda la baba.

Baba alikuwa mfungaji wa miraa. Wanawake waliichambua, wakaifunga vifurushi na kuivika majani ya mgomba isinyauke, kisha magunia yakashonwa haraka, maana pikapu haikumngoja mtu. Jumamosi kazi yangu ilikuwa kupangusa umande kwenye majani na kuyatandika. Mnunuzi wetu alikuwa Hassan wa Maua, ambaye kila mtu alimwita Baba Amina. Alikuwa akinywa chai kwetu tangu kabla sijazaliwa. Amina alipokwenda shule ya bweni, baba yake alituletea mashine ya gemu ya bintiye, ile ya kuunganishwa na televisheni, akaibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

Umeme wa Laare ulikuja ulipotaka. Ila mashine ile ilikuwa na kidude chake, kidogo kama kiberiti, kilichochomekwa kwenye kishikio cha kuchezea ili kikumbuke gemu ulipoishia. Ukikichomoa, kilikuwa na kioo chake, vitufe vyake na betri bapa kama ya saa. Ndani ya kioo aliishi mnyama wa vitone vyeusi. Nilimwita Kanini, yaani mdogo. Akiona njaa alilia, nami nikamlisha kwa kidole gumba. Nilitembea naye kwenye mfuko wa sweta, hata kanisani.

Zilikuwa siku ambazo redio ilizungumza habari za mabomu asubuhi na jioni, na watu wazima walikuwa wameanza kutazama mizigo ya wenzao kwa jicho jingine.

Gunia la mwisho lilikuwa limeshashonwa, Hassan ameliwekea mkono, ndipo lilipolia.

Ti-ti-ti.

"Ni nini hiyo?" aliuliza Mutwiri, dereva wa pikapu.

"Labda simu ya mmoja wenu," Hassan alisema akicheka.

"Simu gani inalia hivyo? Toa mkono! Hii mzigo ni ya nani?"

"Si ni yake," alisema Nkatha, mchambuzi aliyeshinda asubuhi nzima akimtania Hassan kwamba atakuwa mke wake wa pili. Sasa alikuwa amerudi nyuma hadi ukutani. "Hassan, umetuletea nini?"

Vijana wa bodaboda waliingia. Mmoja aliziba njia. "Wewe, kaa hapo hapo!" Hivyo ndivyo nilivyosikia jina likimtoka mtu: Baba Amina, Hassan, wewe.

Nilitia mkono mfukoni, vidole vikatokea upande wa pili, kwenye tundu. Nilijua sauti ile. Na bado, hofu ya watu wazima ilikuwa kubwa kuliko nilichokijua. Nilianza kuamini kwamba ndani ya gunia mlikuwa na kitu kingine, kilichojifunza kulia kama Kanini. Kisha nikaona mawe mikononi mwa watu, nikaona midomo ya Hassan ikinong'ona dua, na miguu yangu ikaenda yenyewe.

"Kendi! Rudi!" mama alipiga kelele.

Nilikata uzi kwa kisu cha Nkatha, nikazamisha mkono kwenye majani ya baridi. Nilipomtoa Kanini, mtu mmoja alijitupa chini. Kisha kikafuata kicheko kikubwa.

"Woi, Baba Amina!" Nkatha alikaa chini kwa kucheka. "Karibu ufe kwa sababu ya toi!"

Mama alimimina chai. Hassan hakuigusa. Alikichukua kidude mkononi mwangu, akakitazama kioo kwa muda, akanirudishia. "Mlishe, binti yangu. Ana njaa."

Kisha akamtazama baba. Nami nikatazama alipotazama. Vidole vya baba vilikuwa vikifunguka polepole, na jiwe likaanguka juu ya majani bila sauti.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Hassan aliacha kuja kwetu kwa sababu ya uzembe wangu. Nilidhani hofu ilikwisha pale nilipomwonyesha kila mtu mnyama wa vitone. Ilinibidi nikue ndipo nielewe kwamba yangu ndiyo iliyokwisha; ya Hassan ilikuwa imepata sura ya mtu anayemfahamu.

"Ngoja kwanza, tuongee," baba alisema.

Hassan alimshukuru mama kwa chai, akaiweka sawa kofia yake, akatoka, akaurudisha mlango wa mabati nyuma yake, taratibu, kama mtu atokaye kwenye nyumba ya mgonjwa.