Kinyozi na Nusu ya Sharubu

Kati ya video zote zinazosifiwa kupita kiasi, ya kwanza ni ile ya bata anayemfukuza bwana harusi. Niliitazama mpaka mwisho nisije nikaitukana bure. Bata anafukuza, bwana harusi anakimbia, kiatu kinamtoka. Basi. Bata kufukuza watu ni tabia yake tangu dunia iumbwe, hakuhitaji mamilioni ya kumshangaa. Ya pili ni ya yule anayempa maskini mkate kwa mkono mmoja, mkono wa pili kashika simu. Na wale wanaofungua maboksi! Mtu mzima na ndevu zake anafungua boksi, anapiga kelele, ndani mna kilekile kilichoandikwa nje.

Nayasema haya kwa sababu bata yule nusura amfungishe duka kinyozi wetu.

Kinyozi ni mtu mfupi, asiye na maneno mengi. Chumba chake kina kiti kimoja, kioo chenye ufa na benchi la kusubiria. Kazi alifundishwa na baba yake, aliyemfanya anyoe povu juu ya puto mpaka maputo yakaacha kupasuka, ndipo akamruhusu kugusa kidevu cha mtu. Kila mteja hupachikiwa wembe mpya. Mashine hataki hata kuisikia.

Mimi shule sikwenda mbali. Nilisoma magazeti yaliyofungiwa sukari, kisha nikaja kubishana kwenye lile benchi, na ndiko nilikopata akili kidogo niliyo nayo. Siku hizi benchi zima limeinama, kila mtu na kiganja chake, kama wanatafuta sindano iliyodondoka. Ukisalimu, unajibiwa na utosi.

Siku ya balaa, kitini alikaa mwashi, kaka wa mke wa kinyozi, mwenye sharubu alizozitunza kuliko nyumba yake. Simu kaificha chini ya shuka, anachungulia. Wembe ulipofika mdomo wa juu, bata akamnasa bwana harusi suruali. Mwashi akalipuka kwa kicheko, na nusu ya sharubu ikaenda zake.

Enzi zetu mtu akianguka aliinuliwa kwanza, akachekwa baadaye. Safari hii muuza mkate, aliyekuwa akisubiri zamu, alishaanza kurekodi. Povu halijakauka, mtaa mzima umeshaona.

Mke wa kinyozi, ambaye hushona nguo chumba cha pili, aliingia na futi yake shingoni. "Kaka! Mbona umekuwa ukuta uliopigwa lipu upande mmoja?"

"Muulize mumeo, muuaji huyo!"

"Shemeji," kinyozi akasema, "nani alikutuma ucheke na wembe uko chini ya pua?"

Toka hapo benchi likawa tupu. Wapita njia walichungulia, wakafunika midomo kwa viganja, wakaenda zao wakicheka. Mke akamsihi. "Baba watoto, nunua mashine. Wembe umepitwa na wakati."

"Haujapitwa. Nitarekodiwa tena. Kidevu kilekile, kuanzia povu mpaka taulo, na asikate mtu hata kipande cha video."

Akaanza kumfuata mwashi kazini. Mwashi akipanda jukwaa, kinyozi anakaa chini juu ya tofali. Mwashi akishuka kunywa maji, anamkuta.

"Shemeji, nenda nyumbani."

"Unanidai sharubu, sikatai. Na mimi nakudai kidevu."

Siku, wiki. Sharubu zikarudi, lakini moja ndefu na moja fupi, na mafundi wenzake hawakumwacha apumue. Mwishowe akatupa mwiko.

"Ukinikata tena, dada yangu nitamwoza mtu mwingine!"

"Namhurumia huyo mwingine. Twende."

Mke alishika simu ya kurekodi. Mlangoni watu walijaa wakitegemea damu, muuza mkate akiwa mbele. Kinyozi akaichukua simu ya mwashi, akanikabidhi mimi. "Mzee, mshikie huyu." Kisha taulo la moto, povu, shavu la kulia, shavu la kushoto, taratibu, kama vile mlangoni hapakuwa na mtu. Alipofika mdomo wa juu, muuza mkate, shetani yule, akalia kama bata.

Tumbo la mwashi likaanza kutikisika. Lakini wembe ulikuwa umeshanyanyuka. Kinyozi aliuondoa kabla kicheko hakijafika mdomoni, akasimama nao hewani akisubiri, bila kununa, kama mtu anayesubiri mvua ipungue. Mwashi alicheka mpaka machozi. Kinyozi akayapangusa kwa taulo.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Hakika?"

"Wee lete!"

Akaendelea. Sharubu zikatoka sawasawa, kama zimewekewa pima maji. Muuza mkate akajipapasa kidevu, akakohoa.

"Na mimi... kuna nafasi?"

"Kaa. Simu mpe mzee."

Baada yake akakaa mwingine. Kabla ya magharibi benchi lilikuwa na watu watatu, na mikononi mwao hamkuwa na kitu, kwa hiyo walilazimika kuzungumza. Tulibishana kuhusu bei ya saruji mpaka koo zikakauka. Sikuwa nimefurahi hivyo kwa miaka.

Ile video yenyewe waliitazama ndugu, majirani na mtu mmoja wa mbali. Haina muziki, haina bwana harusi, na ni ndefu. Mimi nasema ndiyo video iliyopuuzwa kuliko zote duniani, na anayebisha aje tubishane. Yule wa mbali aliandika chini yake: "Mbona hakuna kinachotokea?"

Mke akamsomea mumewe. Kinyozi alikuwa akimpaka mtu povu, wala hakugeuka.

"Mwambie ndivyo kunyoa kulivyo. Akitaka zaidi, aje akae."