Walidhani Nimefunga

Nimeishi sehemu nyingi, na nyingi niliziacha kabla majirani hawajanizoea. Shule niliishia darasa la sita, nikamfuata shangazi Manyoni kuuza chai stesheni. Toka hapo nimeuza vitunguu Ikungi, nimefua mashuka ya gesti Itigi, nimewapikia wachimba visima porini. Huko kote nilipika vizuri na mwenyewe sikula. Ilikuwa hivyo kwa miaka, hadi nilipoanguka nikalazwa, na muuguzi mmoja akaniambia bila kunizungusha kwamba kutokula kwangu ni ugonjwa, kwamba unatibika, na kwamba tiba inaanza na kula kwa saa. Nisisubiri njaa, alisema, maana njaa yangu imeharibika kama saa iliyoingia maji.

Msimu huu wa alizeti nilikuwa Ulemo, kwa mama mmoja tuliyefahamiana mnadani. Siku moja majirani walikuja kumsaidia kupiga alizeti. Kule anayeitwa kusaidia halipwi, analishwa, na mwenye shamba akilisha vibaya atasemwa hadi mavuno mengine.

Asubuhi nilikunywa uji wangu mapema, peke yangu jikoni, kwa sababu ndiyo saa yangu. Uji wa wote ulipotoka nikasema asante, mimi tayari. Nikajifunga mtandio kichwa chote hadi puani kuzuia vumbi, nikashika fimbo.

Sikujua kwamba mwenye nyumba alikuwa ananiangalia. Yeye ni Mkristo, lakini nusu ya majirani zake ni Waislamu, na wengine hufunga Jumatatu na Alhamisi. Huwawekea chakula chao pembeni bila kuwauliza, kwa kuwa anaona kuuliza ni kukosa adabu. Aliona mtandio, akaona uji umekataliwa, na siku yenyewe ilikuwa Jumatatu.

Mchana sinia likawekwa mkekani: ugali wa uwele, bakuli la mlenda, kuku. Watu wakanawa. Maji yaliponifikia, mama akayapitisha kwa mwingine.

"Huyu mwacheni apumzike," akasema taratibu. "Chake nimekifunika. Atakula jua likizama."

Nikaelewa. Kitu cha kwanza kilichonijia kilikuwa raha. Hakuna ambaye angeniuliza, na tena wangeniheshimu. Raha hiyo naijua vizuri, na ndiyo iliyonitisha. Mlo mmoja ukipita hivyo, wa jioni unakuwa mgumu zaidi, wa kesho sioni sababu ya kuula, na haupiti muda nafunga begi naelekea mahali ambapo hakuna anayejua nilikuwa nakula. Ulemo nilikuwa nimepapenda.

Tabu ni kwamba ilibidi niombe chakula. Kukataa nimekuwa fundi, lakini kuomba sikujua kunaanzia wapi.

"Mama," nikasema, "mimi sijafunga."

Mikono ikasimama juu ya sinia.

"Hujafunga?"

"Sijafunga. Uji nilikunywa kabla yenu."

Wifi yake, mwanamke mwenye kicheko cha kusikika hadi Misigiri, akapasuka. "Wifi, umemtia mtu Ramadhani kwa nguvu!"

"Mimi Mwislamu niko hapa nakula," akasema mzee mmoja aliyevaa kofia, akichovya tonge, "wewe unamfungisha mgeni."

Mama akajishika mdomo. "Jamani, mwanangu! Tungekuua na njaa mchana kweupe, tena kwa heshima zote!"

Akaniletea sahani yangu iliyofunikwa. Ugali ulikuwa umejaa, na juu yake paja la kuku. Sasa, sahani ya peke yangu naiweza. Naisogeza hapa, naitawanya pale, mwisho inaonekana imeliwa. Kwenye sinia la watu huwezi kupima umekula kiasi gani, na ndiyo maana nililiogopa kuliko chochote. Nikamwomba amimine chakula changu humo humo.

"Sogea basi," wifi akasema, akinitengenezea nafasi kwa nyonga.

Tonge la kwanza lilikaa mdomoni muda mrefu. Nikauliza mlenda huu ni wa majani gani, mbona unavutika kuliko wa Ikungi. Wakaanza kubishana. Mzee akasema magadi yamezidi. Mama akasema hajui kupika mzee huyu, anajua kula tu, siri ni kukausha majani kivulini. Mimi watu wakibishana juu ya jambo nisilolijua siwezi kuondoka. Nikauliza, nikachovya, nikauliza tena. Minofu ikasukumwa upande wangu, nikala.

Katikati kichwa kilianza kelele zake, kwamba inatosha, niinuke, nitafute kisingizio. Sikuinuka.

Mwishoni kilibaki kipande kimoja cha ugali ambacho kila mtu alikikwepa.

"Malizia hapo, mgeni," wifi akasema.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, hujala wewe!"

Neno "nimeshiba" nimelisema kwenye nyumba nyingi, na mara zote nilikuwa nadanganya. Nikamwambia tena kwamba nimeshiba, na ilikuwa kweli. Akacheka, akakichukua yeye, akafutia bakuli. Tumbo lilikuwa zito. Nikanawa, nikabaki nimekaa nao mkekani mpaka mama aliposema turudi kwenye alizeti.