Maji ya Kuchemsha kwa Watu wa Ziwa

Tarehe ishirini na mbili, mwezi wa tatu. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika saa tatu, kisha jua likatoka kali na mchanga wote ukaanza kutoa mvuke. Ziwa lilikuwa limetulia: pembeni rangi ya chai ya maziwa, ndani kule bluu.

Niliamka giza bado lipo, kama desturi yangu, nikashika bakuli la unga. Ndipo nikakumbuka kwamba sina wa kumkaangia.

Hapa Kabuta, upande wa Zambia, watu wananijua kwa vitumbua, vile vya kwetu vya kuzamisha kwenye mafuta. Wengi hata jina langu hawalijui, wanasema tu mama wa vitumbua, Mukongomani yule. Tulivuka kwa mutumbwi kutoka ng'ambo, tukalala kambi ya wakimbizi ya Kenani mwanzoni, halafu bwana yangu akapata kazi ya kuvuta nyavu huku, kwa mutumbwi wa mzee mmoja Mzambia. Mimi nikaweka mafiga yangu mahali mitumbwi inapotua. Wavuvi wakirudi asubuhi na baridi mwilini, ninawapa vitumbua vya moto, nao wananipa samaki. Pesa hazipiti katikati. Samaki ninawakausha kwa moshi, watu wa baiskeli wanawapeleka bara, na wakirudi wananiletea unga, mafuta, sukari, chumvi. Kwa hiyo lile karai la mafuta ndilo shamba letu. Wengine wana mihogo, sisi tuna karai.

Kila mwaka ziwa linafungwa miezi mitatu ili samaki wazae. Sitaki kuisema vibaya hiyo sheria, maana samaki naye ana haki ya kuzaa. Lakini mwaka huu tulikula akiba yote tukingoja. Ziwa likafunguliwa, wanaume wakaingia wakiimba, mimi nikakaanga kama wiki moja hivi. Halafu kolera ikaingia.

Wa kwanza kushikwa upande wetu alikuwa jirani yangu, yule anayeongoza mutumbwi anaofanyia kazi bwana yangu. Walimpeleka kliniki kwa baiskeli, mmoja anasukuma, mwingine anamushika asianguke. Baadaye watu wa afya wakakataza chakula chochote cha kupikwa kuuzwa pale pwani. Mwenye mutumbwi naye akaogopa, akauvuta nchi kavu na kuupindua. Basi karai limepinduliwa, mutumbwi umepinduliwa. 

Maneno niliyasikia kwenye pampu ya maji. Mwanamuke mmoja alisema kwa Kibemba, kisha akarudilia kwa Kiswahili ili nisikie vizuri.

"Banasema ni vitumbua. Mutu anakula asubuhi, magaribi anaanza kuharisha. Nani anajua bale ba Kongo banatiamo nini?"

"Banatiamo unga, mayo," nilimjibu, nikimwita mama kwa Kibemba chao. "Na sukari, kama iko."

Wengine walicheka. Muke wa jirani hakucheka. Alikuwa ameshika bidon yake ya njano, dumu lile lenye mufuniko uliofungwa na kitambaa chekundu.

"Bwana yangu alikula mbili," alisema. "Kutoka ku mukono yako."

Tangu siku ile, nikipita, anaivuta bidon karibu na mguu wake.

Nilikasirika, sitaficha. Lakini ningekuwa mimi, na bwana yangu amelala kule kwenye hema la kliniki akiwekewa maji kwa sindano, mimi pia ningetafuta mukono wa kulaumu. Tena nilijiuliza mwenyewe. Unga wangu nilikuwa ninaukoroga na maji ya ziwa, ya pembeni, maana pampu iko mbali. Ndiyo, mafuta yanachemka, na kitumbua kinaiva mpaka ndani. Lakini sahani nilizisuuza na maji yale yale mabichi. Donc, basi, siwezi kuapa.

Kulikuwa na jambo jingine, nalo niliogopa kulisema. Bwana yangu aliniambia namna wanavyokunywa maji kule ndani ya ziwa. Watu wa huku wanaamini kwamba maji ya pembeni ndiyo yana ugonjwa, lakini maji ya ndani hayana neno. Mutu akisikia kiu, anachota tu. Na anachota na kopo lile lile la kutolea maji yanayoingia mutumbwini, yale ambamo miguu yote imesimama na matumbo ya samaki yanaelea.

"Na hiyo kopo munaisafisha?" nilimuuliza.

"Ya nini? Si iko mu maji siku yote! Inajisafisha yenyewe."

Nilitaka kwenda kulisema kwenye pampu. Sikwenda. Nilihisi ningeonekana mutu anayetupa mzigo wake kwenye mutumbwi wa wengine. Na bwana yangu amekunywa na kopo lile mara nyingi, hakuugua. Labda ni vitumbua kweli. Shule yangu iliishia darasa la sita, mambo haya yananipita.

Leo jirani amerudi kutoka kliniki. Na leo vilevile mama wa afya alikuja pwani, akaita watu wote baada ya mvua. Jirani alikaa juu ya mutumbwi uliopinduliwa, amejifunika kitenge cha muke wake, macho yamekuwa makubwa, shingo imekuwa ndogo. Mama wa afya akawauliza wavuvi: mukiwa ndani, munakunywa nini?

"Ziwa lote hii, mayo, unatuuliza tunakunywa nini?" mmoja alijibu, na watu wakaangua kicheko.

"Maji ya ndani haina neno," mwingine akasema. "Ugonjwa iko pembeni, kwa banamuke."

Jirani akainua mukono. Sauti yake ilikuwa kama ya mutu aliye nyuma ya ukuta.

"Vitumbua nilikula," alisema. "Mbili. Na maji ya ndani nilikunywa, na ile kopo. Kati ya hizo, ni nini iliniangusha, sijui. Nilimuuliza dokta, naye hajui. Basi nyinyi munajua namna gani?"

Hakunitetea. Wala hakunihukumu. Nilishukuru, ijapokuwa nilikuwa nimetumaini zaidi.

Mama wa afya akasema chakula cha kupika kitabaki kimekatazwa mpaka atakaporudi mwenyewe kusema. Lakini mitumbwi inaweza kuingia, kama wanaume watabeba maji yaliyochemshwa. Mwenye mutumbwi akasema ni vizuri, wake utaingia kesho, ila bila maji hayo usiguswe. Wavuvi wakanung'unika: makala ya kuwashia moto iko wapi, nani atakaa kuchemsha, wake zetu wako mashambani.

Nikasikia mdomo wangu unasema, "Karai yangu iko bure. Nitachemsha miye."

Wakageuka kunitazama. Kisha mmoja akapiga makofi.

"Eh! Mama wa vitumbua anataka kuuzisha maji ku watu wa ziwa!"

"Kesho atatuuzisha mchanga!"

"Na hewa, Jumapili!"

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi pia nilicheka, kwa sababu kweli inachekesha.

"Bei gani, mama?"

"Samaki, kama zamani. Mukirudi."

Kicheko kikaisha, na hakuna aliyesema ndiyo. Wote walikuwa wanamutazama muke wa jirani. Nilielewa. Kama yeye anakataa mukono wangu, hakuna mutu atakayepokea kitu kutoka kwangu, leo wala mwaka ujao ziwa likifunguliwa tena. Yeye akageuka. Alimushika bwana yake chini ya kwapa, wakaenda polepole.

Nilirudi nyumbani nikasugua karai na majivu na mchanga, nikasuuza, nikasugua tena. Nikachemsha maji kidogo ya kujaribu. Bwana yangu akayaonja yalipopoa.

"Iko na harufu ya vitumbua."

"Basi utalipa mara mbili."

Kabla ya jua kushuka, muke wa jirani akaingia uani. Alikuwa na ile bidon ya njano kichwani, tupu. Aliishusha mbele yangu. Ilikuwa imesuguliwa, inanuka dawa ya kliniki, na kitambaa chekundu kilikuwa kimefuliwa.

"Chemsha. Nione."

Akakaa juu ya kinu. Kabla ya kuanza niliinama kunawa, naye akasimama, akachukua kopo, akanimiminia maji mikononi. Nikanawa na sabuni mpaka kwenye viwiko, kama mutu anayekwenda kuzalisha. Maji yalipoanza kutoa mapovu nilitaka kuepua.

"Acha. Ichemke vizuri."

Niliacha. Tulikaa. Nilimuuliza kama bwana yake ataingia ziwani kesho.

"Awe, hapana. Miguu yake bado. Hii ni ya bwana yako, na bale bengine." Akaitazama bidon. "Bakiona ni yangu, batakunywa."

Hakuomba radhi. Nimefikiri sana kama alikuwa na deni hilo kwangu, na sioni hakika. Nami sikumwambia habari ya zile sahani nilizosuuza na maji mabichi. Labda nilipaswa. Nitamwambia bwana yake akipata nguvu.

Maji yalipopoa, tukajaza bidon na kufunga kitambaa, akatoa kwenye kitenge samaki mmoja mkavu, mpale, mkubwa kuliko kiganja changu.

"Ya makala," alisema.

Nilijua kwamba ndugu zao walimleta samaki huyo kwa ajili ya mgonjwa. Nikamuuliza, "Na yeye?"

"Ye anashiba na uji. Kamata, mayo. Makala haioti mu muchanga."

Jioni tulikula bukari, ugali wa mihogo, na sombe, majani ya mihogo yasiyo na mafuta, na mpale yule, kila mutu na sahani yake kwa sababu ya kolera. Mutoto mudogo alipata mkia. Kichwa nilimpa bwana yangu, kwa kuwa ndiye anayeingia ziwani kesho.