Utepe wa Hyon-gu

Pan-sul, mchoraji wa mabango ya sinema mjini Gwangju, alikuwa na mkono mwepesi na masikio mazito. Wanafunzi walimwambia, "Kaka, tuchoree mwenzetu Hyon-gu, tumbebe kwenye maandamano. Polisi wamemficha, wanakana hata kumjua. Mtu ana haki ya kuonekana!" Yeye akasikia jina tu. Akachora uso mkubwa kama ukuta, na kwenye pembe za juu akapitisha utepe mweusi, kama alivyowachorea wote ambao picha zao zilitangulia kubebwa kwenye maandamano. Hao wote walikuwa maiti.

Mama Hyon-gu akaingia karakanani amewabebea wanafunzi kimchi, kabichi ya kuchachusha. Bakuli likamponyoka.

"Mmemwokota wapi?"

"Nani, mama?"

"Mwanangu! Si umemvika utepe wa wafu?"

Pan-sul akaitazama kazi yake. Polisi hawajathubutu kutamka kifo, yeye kamzika kijana kwa brashi!

"Nisamehe, mama. Mimi huletewa wafu tu, nimezoea."

"Nani kakwambia huyu kafa? Panda ufute!"

Akapanda ngazi na kopo la rangi. Rangi nyeupe ikapita, weusi ukachungulia. Chini, mama aliishika ngazi kwa mikono miwili.

"Rudia, we kiziwi! Bado nauona."