Landrova ya Shemeji

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alinunua Landrova kuukuu kwa mzungu wa shamba la mkonge huko Same. Ng'ombe wake mmoja akauzwa kwa petroli, mwingine kwa matairi, mwingine kwa springi zilizovunjwa na mawe ya njia ya Myamba. Nikasema moyoni, tutaona.

Wakati wa masika Landrova ikakwama mlimani. Likapigwa baragumu la msaragambo, kazi ya kijiji isiyokwepwa na mtu, tukatoka wote kuisukuma. Mke wangu alisukuma huku akiimba. Mimi hajawahi kuniimbia.

Mwishowe zizi la shemeji likabaki na samadi kavu tu. Langu lilijaa ng'ombe wanono, na hakuna aliyepita hata kuwatazama.