Mkono Uliokataa Mstari

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikienda Mwandiga tu, naaga majirani kama ninayekwenda Hija, na nikirudi nataka nipokewe. Sikuwa na sababu ya kutoka. Mabibi harusi wa Ujiji walikuja wenyewe sebuleni kwangu, wakalaza mikono na miguu juu ya mto, nikawachora hina na piko. Shule niliishia kidato cha nne, na cheti kipo, kimetundikwa ukutani kinazuia ufa. Kilichonilisha ni mstari. Mwembamba kama unywele, na ua la mkono wa kulia lilingane na la kushoto kama mapacha. Jani moja likizidi, nalifuta kwa pamba kabla rangi haijashika, naanza upya. Ningeweza kumkalisha bibi harusi hadi miguu ife ganzi, na bado anishukuru.

Kisha mkono ukaanza kutetemeka. Kwanza kwenye kikombe cha chai. Nikasema ni njaa. Halafu kwenye ufunguo. Nikasema kitasa kimechoka. Siku koni ya piko iliporuka kidoleni mwa mteja na kuacha mkia mweusi, nilikosa cha kusingizia. Hospitali walinipima, wakanipa vidonge, na daktari akasema, "Vitapunguza mtetemo, mama, havitauondoa. Usishindane nao sana."

Nikaenda kushindana nao.

Jirani yangu, ambaye tunaitana shoga tangu tukiwa wasichana, alikuwa na binti anayeolewa baada ya mfungo. Binti huyo nilimwahidi kumchora tangu akiwa mdogo, enzi za kukomba hina iliyobaki bakulini na kujipaka mpaka kwenye pua. Kukataa nisingeweza. Kumharibia siku yake nisingeweza pia. Niliposikia kuna mwalimu, mtumishi aliyehamishiwa huku kutoka Mbeya, anafundisha watu wazima kuchora kila Jumamosi kule Katubuka, nikajiandikisha. Nia yangu ilikuwa moja: anitulize mkono. Hilo sikumwambia mtu.

Kumbe nimekwenda kwa mtu asiyetaka kitu kitulie. Siku ya kwanza alilowesha karatasi zetu kwa sponji hadi zikang'aa, akasema tudondoshe rangi na tuiache iende itakako.

Iende wapi? Mimi nilikamata kifundo cha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, nikachora ua. Ua likayeyuka. Nikalizuia kwa leso. Likatokea upande wa pili.

"Mama, shikamoo tena," mwalimu akasema, amesimama nyuma yangu. "Mbona umejikamata?"

"Mwache, mwalimu," akadakia mzee mmoja, dereva wa lori mstaafu, aliyeketi meza ya pembeni. "Yuko chini ya ulinzi, dhamana hana."

Darasa likacheka. Yeye alikuwa amemwaga bluu karatasi nzima, anaiinamisha huku na huku kama anakata kona za kupanda Kalinzi, na ziwa likajitokeza lenyewe, na mawingu juu. Hakuwa amechora chochote. Nilimwonea wivu hadi nikasahau kumjibu.

Jumamosi iliyofuata nilikuja na silaha. Hina ikikaribia kukauka, tunaidondoshea maji ya ndimu yenye sukari ili igande na ikolee. Nikajiambia, kinachoshika kwenye ngozi ya bibi harusi mwenye jasho la woga kitashindwaje kwenye karatasi? Nikachora ua, nikalidondoshea ndimu yangu kwa kificho. Kweli, rangi ilipunguza mbio. Ua langu lilikuwa limevimba, lakini lilikuwa ua. Nikaliweka dirishani likauke, nikatoka na wenzangu kunywa chai, nimeinua shingo.

Tuliporudi, sisimizi walikuwa wameshafika. Walitoka dirishani, wakazunguka petali moja moja, wamejipanga mstari mmoja mweusi, mwembamba, usiotetemeka hata kidogo. Mstari niliokuwa nautafuta nimekuta wanao wao.

"Hongera mama," yule mzee akasema. "Za kwetu zimelala, ya kwako inatembea."

Nilicheka kuliko wote. Kisha nikaona kicheko hakitaki kuishia palepale kinapoishia kicheko, nikageukia ukuta nifute machozi. Mwalimu akaja kuchukua karatasi, akauona mkono. Safari hii haukuwa umekamatwa na mtu.

"Umeanza lini?"

"Tangu masika."

Hakunipa pole, na namshukuru kwa hilo. Alilowesha karatasi nyingine, akanipa brashi. "Shika mwisho kabisa wa mpini. Mkono wa kushoto utie mfukoni."

"Dera halina mfuko, mwalimu."

"Basi ukalie."

Nikaukalia mkono wangu kama mtoto aliyekatazwa kujikuna. Ukishika brashi mwishoni, mtetemo unaongezeka maradufu. Kijani kilikwenda kwa vijipindi, kikapanda, kikashuka, kikaacha kitu kama majani yanayoonekana chini ya maji ufukweni, wimbi dogo linapopita. Wengine walisema ni kizuri. Mimi sikuona uzuri. Niliona ugonjwa wangu umeandikwa, kila mtu anausoma. Nilirudi Jumamosi zilizofuata, nikaukalia mkono, na kila mara nilirudi nyumbani na hasira.

Ikafika siku ya kumchora binti. Alikuja na mama yake. Nilikuwa nimesaga hina, nimechuja piko, nimepanga mto, na bado sijasema. Nikasema.

"Shoga, mkono wangu unatetemeka. Nikichora, itaonekana."

Shoga yangu akaangalia mlango. Halafu akasema polepole, "Kuna yule mchora hina wa mtaa wa Mwanga... tukimpigia sasa hivi atawahi."

Alikuwa na haki. Binti yake anaolewa mara moja.

"Ma mdogo, unauma?" binti akaniuliza.

"Hauumi."

"Basi chora." Akalaza mkono kwenye mto.

Sikuukamata. Niliacha vile vijiua vidogo vya kulingana, nikachora majani makubwa yanayopanda kutoka kifundoni. Koni iliporuka, mkono wa kushoto ulikimbilia pamba wenyewe. Nikaukalia. Tawi likapinda lilipopinda, nikalifuata. Nilipomaliza mkono wa pili, mikono ile haikuwa hata binamu.

"Mbona huku na huku si sawa?" mama yake akauliza.

"Wewe na baba mnalingana?" binti akamjibu. "Na mmedumu."

Shoga yangu alicheka. Mimi nilicheka nusu.

Siku ya harusi nilikaa kona ya wanawake na sahani yangu ya pilau. Nikaona shangazi mmoja wa upande wa bwana harusi ameushika mkono wa binti, anaugeuza, anaurudisha, anauliza jambo. Binti akanielekeza kwa kidevu. Shangazi akanitazama, kisha akashusha macho kwenye mkono wangu. Kijiko kilikuwa kinagonga sahani, ko-ko-ko, kama mtu anayebisha hodi. Nilitaka kukificha chini ya mtandio. Nikakiacha kigonge, nikaendelea kula.